Chungu Kimoja, Nyumba Mbili: Pombe, Uchumba na Ndoa katika Historia ya Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa pombe na mapenzi, uchumba na ndoa katika miji ya Arua na Koboko na vijiji vinavyoizunguka, tangu West Nile ilipoingizwa katika himaya ya Uganda mwaka 1914 hadi waragi ya vifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Yanategemea maandishi ya wanaanthropolojia na wanahistoria, sheria za nchi, na ushahidi wa msamiati. Swali lililozoeleka, yaani kama ulevi wa mume huvunja ndoa, linaonekana hapa kuwa nusu ya swali. Nusu ya pili ni mkono wa mwanamke unaoitengeneza pombe hiyo. Hoja ni kwamba kinywaji kilichokuwa kikiunganisha nyumba mbili kiligeuka kuwa chanzo cha fedha cha mke na tundu la fedha la mume, na kwamba mageuzi hayo yalianza pale kinywaji kilipoweza kuhifadhiwa na kubebwa.

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba mapenzi na kileo ni jamaa. Kitenzi -lewa kimezaa mlevi, ulevi, kileo na kilevi, na kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtu aliyezama katika mahaba bila kuonja tone la pombe. Katika taswira hiyo ulevi umo ndani ya mtu mmoja. Anayelewa ni yeye, anayepotewa na akili ni yeye, na mwenzake ni sababu tu. Tumeanza na jambo hili dogo la msamiati kwa kuwa linafanana mno na jinsi mjadala wa leo kuhusu pombe na ndoa unavyoendeshwa: mume hunywa, mume hulewa, mume hupiga, ndoa huvunjika. Pombe yenyewe imetoka wapi, imepikwa na nani, na fedha zake zimeingia mkononi mwa nani, hayo huachwa nje ya sentensi.

Arua na Koboko zinatupa nafasi nzuri ya kuyarudisha ndani. Miji hiyo miwili iko kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda. Kutoka Arua mtu hufika mpaka wa Kongo kwa mwendo mfupi, na karibu na Koboko kuna Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Walugbara na Wamadi huzungumza lugha za Kisudani ya Kati. Wakakwa wa Koboko huzungumza lugha ya Kiniloti iliyo jamaa ya Kibari. Waalur wa kusini lugha yao ni ya Kiluo. Na Wanubi huzungumza krioli ya Kiarabu. Kiswahili kilifika huko hasa kwa njia ya kambi za askari wa King's African Rifles, polisi na biashara ya mpakani, na ndiyo maana katika Uganda kwa jumla kimebeba sifa ya lugha ya bunduki. Amri ya serikali ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikuiondoa sifa hiyo, pengine iliizidisha. Hata hivyo Arua imekipa Kiswahili maisha mengine. Huko ni lugha ya soko na ya kilabu cha pombe, kikichanganyika na Kilugbara, Kinubi, na Kilingala kinachovuka kutoka Ariwara. Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kukisikia huko kikitumika bila sare wala amri, hana budi kukaa karibu na wanywaji.

Pombe kabla ya noti

Pombe ya nafaka huitwa ewa kwa Kilugbara, yawa kwa Kikakwa na Kibari, na kongo kwa Waalur, kama ilivyo kwa Waacholi. Kufanana kwa ewa na yawa kunavutia jicho, maana lugha hizo si za familia moja. Lakini maneno mafupi ya aina hii hufanana pia kwa bahati, na hatutajenga hoja juu yake. Jina linalosikika zaidi leo mjini ni kwete, pombe ya mahindi ambayo Waacholi pia huiita hivyo.

Namna kwete inavyotengenezwa inafaa kuelezwa, kwa sababu historia nzima ya makala haya imo ndani yake. Unga wa mahindi hulowekwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha hukaangwa juu ya moto hadi ugeuke rangi, ukachanganywa na maji na kimea, ukaachwa uchachuke tena, ndipo ukachujwa. Hapo kale nafaka ilikuwa ulezi na mtama, vyakula vikuu vya Walugbara kabla ya muhogo kuenea. Kila hatua ni kazi ya mwanamke: kuotesha kimea, kusaga, kuteka maji, kutafuta kuni, kukesha na moto. Aghalabu si kazi ya mwanamke mmoja, bali ya mke na mawifi zake, au mama na binti zake. Na baada ya kazi hiyo yote, pombe haikai. Ikishaiva hunywewa katika siku mbili tatu, la sivyo huwa siki. Mwanamke aliyepika pombe alikuwa, kwa hiyo, ameshaamua ni nani watakaokaa pamoja siku fulani. Hakuweza kuiweka hadi mwezi ujao, wala kuipeleka kwa watu wasiomjua.

Mwanaanthropolojia Mwingereza John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, ameandika kwa kirefu jinsi pombe na nyama za kafara zilivyogawanywa kwa wazee wa ukoo na kwa mizimu. Katika maelezo yake pombe ni kinywaji cha mamlaka. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, anaonesha jambo hilo hilo kwa upana wa eneo zima: unywaji ulikuwa haki ya wanaume wazee, na kijana aliyeonekana kulewa alikuwa amejitwalia cheo kisicho chake.

Mapenzi ya vijana yalikuwa na nafasi yake tofauti. Middleton anaeleza nyumba walimolala wasichana, ambamo vijana wa kiume wa koo nyingine waliruhusiwa kuja usiku, wakazungumza na hata kulala hapo, kwa masharti yaliyojulikana na kila mtu kuhusu mpaka wa kutovukwa. Alieleza pia ngoma za mazishi, ambazo ziliwakutanisha watu wa koo nyingi, na hivyo ziliwapa vijana fursa ya kuwaona wale ambao sheria ya kutooana ndani ya ukoo haikuwakataza. Katika ngoma hizo pombe ilikuwapo, lakini ilikuwapo kwa ajili ya wafiwa na wazee. Tukiyaweka maelezo ya Middleton na ya Willis pamoja, tunapata picha ambayo msomaji wa leo huenda asiitarajie: mahaba yenyewe, yale ya macho na maneno ya usiku, yalikuwa makavu. Pombe iliingia pale mapenzi yalipokoma kuwa ya watu wawili.

Iliingia kwa posa. Mazungumzo ya mahari, ambayo kwa Walugbara yalihesabiwa kwa ng'ombe pamoja na vitu kama mishale, yalifanywa na wazee wa pande mbili waliokaa na chungu kati yao. Aliyeipika pombe hiyo alikuwa mama wa nyumba, na ubora wake ulikuwa sehemu ya ushahidi: hapa pana wanawake wanaofanya kazi, na binti anayeombwa amekulia mikononi mwao. Mke mpya naye alipofika kwa mumewe alipimwa kwa kipimo hicho. Pombe yake ndiyo iliyolipa ujima wa kulima shamba la mume, ndiyo iliyowapokea wakwe, na ndiyo iliyopelekwa kwa wazee walipotambikia. Mume asiye na mke hakuwa na pombe, na asiye na pombe hakuweza kuwaita majirani wamsaidie kulima. Hapo ndipo tunaposema kwamba chungu kilikuwa kimoja na nyumba mbili.

Wazo la kwamba kunywa pamoja kunafunga watu lilikuwa na nguvu kiasi cha kuvuka mipaka ya pombe. Maji ya Yakan, yaliyohusishwa na nabii Mkakwa aliyeitwa Rembe na yaliyoitia hofu serikali ya kikoloni mwaka 1919, yalifanya kazi kwa kunywewa. Aliyeyanywa aliingia katika umoja mpya uliovuka koo. Hatusemi kwamba Yakan ni habari ya ndoa. Inatukumbusha tu kwamba katika nchi hii swali la nani amekunywa na nani halikuwa swali la starehe.

Jina la waragi

Kinywaji cha pili kina historia tofauti, na jina lake linatusaidia kuifuata. Waragi, ambayo kwa Kiganda huitwa pia enguli na Arua hujulikana kama nguli, ni kileo kikali cha kukeneka, jamaa ya gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Hadithi inayopendwa nchini Uganda husema kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza war gin, yaani gin ya vita, ambayo askari wa Kiingereza waliyatumia. Hadithi hiyo ni tamu, na silabi zake zinakaa vizuri. W- ya mwanzo inaipa nguvu. Lakini isimu ya eneo inaelekeza upande mwingine. Waacholi na Walango huita kinywaji hicho arege. Katika Kiarabu cha Juba ni araki. Neno hili ni lile lile araki lililomo pia katika Kiswahili, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa kuwa matone ya mvuke unaopoa hufanana na jasho linalotiririka. Ikiwa jirani zote za kaskazini zina neno la Kiarabu, ni vigumu kuamini kwamba Uganda ililipata lake kwa Mwingereza. Kwa maoni yetu, war gin ni tafsiri iliyotungwa baadaye na watu waliotafuta maana katika sauti.

Njia ya neno hilo ni njia ya watu. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kuanzia mwaka 1878, alikuwa na makao yake Wadelai, kwenye kingo za Nile ndani ya West Nile ya leo. Askari wake na familia zao ndio waliochukuliwa na Frederick Lugard mwaka 1891 na kutawanywa katika ngome za Uganda. Vizazi vyao ndio Wanubi. Baadhi walifika hadi Kibra, pembezoni mwa Nairobi, ambako wanawake wa Kinubi walipata umaarufu kwa kukeneka kileo kilichoitwa gin ya Wanubi, ingawa jamii yao ni ya Waislamu. Kinaya hicho hakipaswi kutuchekesha. Mke wa askari alihamishwa mara kwa mara, mbali na shamba na mbali na ukoo. Hakuwa na ujima wa kulipa wala wazee wa kuwapelekea chungu. Alikuwa na moto, mtungi, na majirani wenye mishahara.

Sifa moja ya waragi inastahili kutazamwa kwa makini kuliko ukali wake. Haiozi. Kwete ilimlazimisha mpikaji kuwaita watu wake leo. Waragi inaweza kukaa ndani ya jerikeni hadi mnunuzi apatikane, ikafungwa juu ya baiskeli, ikavushwa mpaka usiku, ikafichwa chini ya kitanda. Kwa mara ya kwanza kazi ya mwanamke ya pombe ilitoa kitu kinachowekeka, na kinachowekeka kinaweza kufichwa hata mume asikione. Wanaoandika kuhusu kileo hiki husimulia hasa madhara yake kwa mnywaji. Kwa ndoa za West Nile, badiliko kubwa lilikuwa upande wa mtengenezaji.

Kodi, miwa na wake waliobaki

Ili waragi ipate wanunuzi, ilibidi fedha zipatikane. Utawala wa Kiingereza uliofika Arua mwaka 1914, West Nile ilipohamishwa kutoka Sudan kwenda Uganda, ulidai kodi kwa fedha katika nchi isiyokuwa na zao la maana la kuuza. Jibu la vijana wa kiume likawa safari. Walishuka hadi Rhino Camp, wakapanda meli hadi Butiaba, na kutoka hapo wakaelekea kusini kwenye mashamba ya miwa: Lugazi, iliyoanzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na Kakira ya Muljibhai Madhvani, iliyoanza mwaka 1930. Wengine waliingia jeshini. West Nile ikawa, kwa miongo mingi, ghala la nguvu kazi kwa sehemu nyingine za Uganda.

Safari hizo zilibadilisha uchumba kwa njia mbili zinazopingana. Kijana aliyerudi na akiba aliweza kulipa mahari bila kumsubiri baba au mjomba, na kwa hiyo aliweza kuchagua. Hilo lilimpa yeye na mpenzi wake uhuru ambao wazee hawakuupenda. Lakini kijana huyo huyo alikuwa amejifunza kunywa katika kambi ya miwa, kati ya wanaume wasio na wazee wao, kwa fedha zake mwenyewe na siku ya mshahara. Unywaji ulikuwa umetoka kwenye umri na kuingia kwenye mfuko. Alirudi nyumbani akiwa na kiu ambayo mila ya kwao haikuwa na zamu ya kuipangia.

Mke aliyebaki naye hakukaa akisubiri. Alikuwa na kodi ya nyumba ya mumewe, watoto, na shamba linalohitaji mikono. Njia iliyokuwa karibu naye ilikuwa ile aliyoijua tangu utoto. Muhogo, ambao serikali ya kikoloni iliuhimiza kama akiba ya njaa, ulimpa malighafi nyingi na za bei ndogo. Ukichachushwa na kukenekwa kwa pipa na mrija wa shaba uliopitishwa majini, hutoa nguli ambayo West Nile inasifika nayo hadi leo. Kazi hiyo ilikuwa haramu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 iliwekea vileo vikali mipaka katika sehemu kubwa ya Afrika, na Waafrika wa Uganda walikatazwa vinywaji hivyo hadi katikati ya miaka ya 1950. Basi mke mwenye heshima, aliyepimwa na wakwe kwa ustadi wake wa pombe, alijikuta mhalifu kwa ustadi huo huo. Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, Sheria ya Enguli ilitaka wakenekaji wawe na leseni na mazao yao yaingie katika kiwanda kilichotoa Uganda Waragi ya chupa. Chupa ikawa halali. Jerikeni la mama wa kijijini likabaki pale pale.

Waliokikataa chungu

Si kila nyumba ilifuata mkondo huu. Misheni ya Africa Inland ilifika Arua mwaka 1918 na kujenga Mvara, na mafundisho yake yaliikataa pombe na ngoma kwa pamoja, wakati Wakatoliki walikuwa walegevu zaidi juu ya kiasi cha kunywa. Uamsho wa Balokole ulipofika mwishoni mwa miaka ya 1940 ukayakaza zaidi makatazo hayo. Kwa Waislamu wa Koboko na wa Aringa, katazo lilikuwa la dini yenyewe.

Watu hupenda kuhesabu hapa kwamba wasiokunywa walipata ndoa tulivu. Huenda wengi walipata. Hata hivyo, katika mpango tuliouelezea, kukataa pombe kulikuwa kukataa kukaa na wakwe. Binti aliyeokoka na kugoma kupika alimwacha mumewe bila ujima na baba mkwe bila chungu cha tambiko; kwa macho ya wazee, alikuwa amevunja sehemu ya ndoa kabla ya mtu yeyote kulewa. Chai ya maziwa na baadaye soda viliingia katika harusi za kanisani kuziba pengo hilo. Kwamba vinywaji hivyo vilikubalika hatimaye kunaonesha kuwa wazee hawakuhitaji ulevi. Walichohitaji ni kitu kilichopikwa au kununuliwa kwa ajili yao na kunywewa mbele ya upande wa pili.

Kutoka magendo hadi ukimbizini

Miaka ya 1970 iliongeza thamani ya pombe ya kienyeji. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 viwanda vilidorora, bia ya chupa ikawa adimu, na uchumi wa nchi ukapewa jina la Kiswahili ambalo Waganda hulitumia hadi sasa: magendo. Eneo la mpakani halikuhitaji somo katika biashara hiyo.

Kisha utawala wa Amin, ambaye asili yake ilikuwa Koboko, ukaanguka mwaka 1979, na kisasi kikawafuata watu wa West Nile wote, waliokuwa askari na wasiokuwa. Kufikia mwaka 1981 sehemu kubwa ya wakazi walikuwa wamekimbilia Zaire na Sudan. Kitabu cha Barbara Harrell-Bond cha mwaka 1986 kuhusu wakimbizi hao katika eneo la Yei kinaeleza maisha ambamo msaada haukutosha na kila kaya ilibidi itafute nyongeza. Upikaji wa pombe ulikuwa mojawapo ya nyongeza hizo, na ulikuwa wa wanawake.

Ukimbizini mahusiano ya kimapenzi yalipoteza karibu nguzo zake zote za zamani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekufa au wameibwa. Wazee wa upande wa pili walikuwa kambi nyingine, au nchi nyingine. Watu waliishi pamoja kwa makubaliano yao wenyewe, wakiahidi kwamba mahari itafuata. Mwanamume asiye na ardhi wala silaha wala mshahara hakuwa na chochote cha kuleta ndani ya uhusiano huo, na mwanamke alikuwa na chungu. Tukisoma leo malalamiko kwamba wanaume wa West Nile hushinda kwenye vilabu na wanawake ndio wanaobeba kaya, inafaa tukumbuke kwamba mgawanyo huo ulipata sura yake kambini, na kwamba waliporudi kuanzia katikati ya miaka ya 1980 walirudi nao. Miaka ya 1990 mambo yakageuka tena: Koboko ikawa mwenyeji wa wakimbizi kutoka Sudan, na wanawake waliovuka mpaka wakaingia katika biashara hiyo hiyo ambayo wenyeji wao walikuwa wameifanya upande wa pili.

Vifuko, ng'ombe na madodoso

Waragi ya viwandani iliyofungwa katika vifuko vya plastiki iliondoa kizuizi cha mwisho. Kifuko kiliingia mfukoni mwa shati la mwanafunzi, la dereva wa bodaboda, la kijana anayemngoja mpenzi wake. Unywaji haukuhitaji tena kilabu, wala mwenzi, wala mama anayemjua mnywaji na anayeweza kumwambia kwamba leo amezidisha. Serikali ilipiga marufuku vifuko hivyo mwaka 2019. Wauzaji wakageukia chupa ndogo za plastiki na nguli ya jerikeni, na hapo faida ikarudi kwa wanawake wa vijijini. Nadhani wachache kati ya walioiandika amri ile walilifikiria hilo.

Upande wa ndoa, sheria mbili ni muhimu. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 ilimpa mke anayepigwa njia ya mahakama. Na tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Kwa mke wa mlevi huko Maracha au Koboko, uamuzi huo wa pili una uzito pengine kuliko sheria ya kwanza. Kilichomfunga hakikuwa mume peke yake. Kilikuwa pia baba na kaka zake, ambao walishawatumia ng'ombe wale kuoa na hawakuwa na cha kurudisha. Lakini kuhama kunahitaji nauli, chumba na chakula cha miezi ya mwanzo. Anayekeneka anaweza kuwa navyo vyote. Kileo kinachomlevya mume wa jirani ndicho kinachomwezesha yeye kumwacha wa kwake, na jirani naye, akiwa na mtambo wake, hufanya hivyo hivyo kwa upande wa pili.

Tafiti za taifa za idadi ya watu na afya, ambazo nchini Uganda zimekuwa na sehemu ya ukatili wa majumbani tangu mwaka 2006, zinaonesha bila utata kwamba wanawake ambao waume zao hulewa mara kwa mara huripoti ukatili mwingi kuliko wale ambao waume zao hawanywi. Hatuna sababu ya kulitilia shaka tokeo hilo. Tunachokitazama ni mpangilio wa maswali. Katika sehemu moja ya dodoso mwanamke huulizwa kama mumewe hunywa, na kama hulewa mara nyingi au mara chache. Katika sehemu nyingine, kurasa kadhaa mbali, huulizwa yeye mwenyewe anafanya kazi gani. Anayejibu kurasa zote mbili ni mtu mmoja, na mara nyingi huko Arua amezijibu akiwa ameketi karibu na pipa lake.